Miaka miwili nilitibiwa UTI ambayo sikuwa nayo, nikapoteza mrija wa uzazi. Dada zangu wa Moshi na Arusha, someni huu uzi

Fundi_Mbuyuni

Habari zenu wanajukwaa. Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu, kwa sababu unahusu sehemu ambayo sisi wanawake tumefundishwa tangu wadogo kutoitaja. Leo nauweka. Ni mrefu, na nitauandika kwa vipande maana niko kazini na wateja wanaingia.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina kibanda karibu na soko la Mbuyuni, umri wangu miaka 31. Katikati ya mwaka 2021 nilianza kusikia maumivu chini ya kitovu, upande wa kulia zaidi. Hayakuwa makali, yalikuwa ya kuvuta vuta. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na nikikanyaga kwa muda mrefu nilikuwa nasikia kama uzi umenasa ndani na mtu anauvuta polepole. Uchafu nao ukaongezeka, wa njano, kiasi kwamba mchana nilikuwa nabadilisha nguo ya ndani.

Nikaenda duka la dawa. Yule dada hakuniuliza swali la pili. "Hiyo UTI, wanawake wote wanayo." Akanipa sipro, zile antibaiotiki, za siku tano. Nafuu ikaja wiki moja, mwezi uliofuata hali ikarudi vilevile. Nikaenda zahanati moja binafsi, nikapewa kikopo cha mkojo, majibu yakaja kwamba UTI imeonekana, nikachomwa sindano tano. Miezi miwili baadaye nikaambiwa sasa imekuwa UTI sugu. Sindano tena.

Huwa naandika matumizi yangu nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Nilipokuja kuhesabu baadaye nilikuta mara kumi na moja. Mara kumi na moja nimelipia UTI ndani ya miaka miwili, na hakuna hata mara moja mtu aliyeniambia panda kitandani nikupime chini. Na mimi sikuomba, nikajua mkojo ukishapimwa basi kila kitu cha huko kimeonekana.

Mteja kaja kuchukua gauni. Narudi.

Fundi_Mbuyuni

Nimerudi. Kipande cha pili ndicho kigumu.

Februari 2023 hedhi ilichelewa. Nikanunua kipimo, mistari miwili. Tulikuwa na mwaka wa nne kwenye ndoa, na kila Desemba tukipanda Kibosho nyumbani kwa mume wangu nilikuwa naulizwa mbele za watu wanakula kisusio: mwenzetu, mjukuu yuko njiani? Kile kipimo nilikiweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini na sindano, nikawa nakifungua kukitazama.

Baada ya wiki mbili hivi nikaona matone ya damu ya kahawia. Mama mmoja hapa sokoni akaniambia ni kawaida, mimba inajishika. Siku ya Ijumaa bega la kulia likaanza kuniuma. Nilikuwa nashona sare za kwaya za Pasaka, kola thelathini na mbili, nikasema ni uchovu wa kuinama. Nikainuka kufuata pasi, nikaanguka hapohapo juu ya vitambaa.

Hospitalini daktari alinibonyeza tumbo, akaniuliza, "Bega linauma?" Nilishangaa amejuaje, sikuwa nimemwambia mtu. Alikuja kunieleza baadaye kwamba damu ikimwagika ndani ya tumbo inachokoza ule msuli wa kupumulia ulio juu ya tumbo, na mishipa ya fahamu ya msuli ule inatokea shingoni pamoja na ya bega. Kwa hiyo tumbo linavuja, wewe unasikia bega. Kama una mimba changa na bega linakuuma bila sababu, huku unasikia kizunguzungu, usilale. Usisubiri asubuhi.

Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa kulia na mrija ulikuwa umepasuka. Wakautoa. Niliongezewa chupa mbili za damu. Nilipozinduka daktari akaniambia mrija wa kushoto upo, ila una makovu na umeshikana na vitu vya jirani yake. Akaniuliza kama nimewahi kutibiwa PID, yaani maambukizi ya mfuko wa uzazi na mirija. Nikamjibu hapana, mimi huwa naumwa UTI tu.

Akanyamaza kidogo. Kisha akavuta kiti akakaa.

Kifaru_wa_Rau

Pole sana dada fundi. Pole kwa mtoto, pole kwa mrija. Endelea, tunasoma.

Muuguzi_Soweto

Fundi, pole, na asante. Mimi ni muuguzi mkunga, nimekaa wodi ya wanawake na kliniki ya uzazi hapa Moshi miaka kumi na nne. Ruhusa yako niongezee, kwa sababu hiki ulichoandika nakiona kila wiki na kinaniumiza.

Watu wengi wanadhani huko chini ni njia moja. Mkojo una njia yake, unatoka kwenye kibofu kupitia tundu dogo sana juu ya uke. Uke una mlango wake, na mwisho wake ndani kuna mlango wa kizazi, kisha mfuko wa uzazi, kisha mirija miwili, kisha mayai. Ukipima mkojo umepima njia ya mkojo. Ugonjwa wa mirija hauonekani kwenye kikopo. Na mwanamke mwenye uchafu mwingi akikojolea kikopo bila kujisafisha na bila kuacha mkojo wa kwanza umwagike, uchafu unaingia humo, mtaalamu anaona chembe nyeupe za damu, anaandika UTI. Kapimwa uchafu wa uke, akatibiwa kibofu.

UTI ya kweli ina dalili zake: unakojoa mara kwa mara, kidogo kidogo, kwa kuungua, na mkojo unakubana ghafla. Kama huna hayo, na kinachokusumbua ni uchafu na maumivu chini ya kitovu, au maumivu ndani wakati wa tendo la ndoa, au damu inayotoka katikati ya mwezi au baada ya tendo, usikubali kuondoka na dawa za UTI. Sema: naomba nipimwe chini. Sentensi hiyo tu.

PID ni maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni na kwenye mlango wa kizazi hadi juu kwenye mfuko na mirija. Mara nyingi wanaoanzisha safari ni kisonono au klamidia, lakini hata bakteria wa kawaida wa ukeni wakizidi wanaweza kupanda. Klamidia ndiyo mbaya zaidi kwa sababu ya unyamavu wake. Wanawake wengi walio nayo hawasikii chochote, wanaume wengi pia. Kule kwenye mrija ndani kuna vinyweleo vidogo vinavyosukuma yai kuelekea kwenye mfuko. Maambukizi yanaviua. Mrija unaweza kuziba kabisa, ukakosa mimba, au ukabaki na uwazi mwembamba ambapo mbegu zinapita lakini yai lililorutubishwa linakwama. Hapo ndipo mimba inatunga nje ya kizazi, kama ilivyompata fundi.

Kuna takwimu moja huwa nawaambia wagonjwa wangu. Pale Lund, Sweden, daktari Weström na wenzake waliwafuatilia wanawake waliougua PID kuanzia 1960 hadi 1984. Waliougua mara moja, kama 8 katika kila 100 walikosa kushika mimba kwa sababu ya mirija. Mara mbili, karibu 20. Mara tatu au zaidi, 40. Na utafiti mwingine uliochapishwa Marekani mwaka 1993 kwa kutumia wanawake haohao wa Lund ulionyesha kwamba waliochelewa kutibiwa zaidi ya siku tatu tangu dalili zianze walikuwa na hatari karibu mara tatu ya kupata ugumba au mimba nje ya kizazi. Siku tatu! Fundi alizungushwa miaka miwili.

Sakina_Juu

Jamani naomba kuuliza. Niko Arusha, nina miaka 22. Mimi natokwa na uchafu mweupe mzito kama mtindi ulioganda na nawashwa hadi usiku silali. Nayo ni PID? Nimeogopa.

Muuguzi_Soweto

Mdogo wangu tulia. Mweupe, mzito, unawasha, hauna harufu kali: hiyo mara nyingi ni fangasi. Robo tatu ya wanawake hupata fangasi angalau mara moja maishani. Haipandi kwenye mirija wala haikuzuii kuzaa. Inapenda kuja ukiwa mjamzito, ukiwa na kisukari, au ukitoka kumeza antibaiotiki, kwa sababu antibaiotiki zinaua hata bakteria wazuri wanaolinda uke. Ndiyo maana mtu anayemeza sipro kila mwezi kwa UTI ya kubuni huishia na fangasi juu yake. Kuna vidonge vya klotrimazoli vya kuweka ukeni, na flukonazoli ya kumeza, ila mjamzito hapewi ya kumeza. Ikikurudia mara nne kwa mwaka, kapime sukari.

Ukiona uchafu mwepesi wa kijivu unaonuka kama samaki, hasa baada ya tendo, hiyo ni habari nyingine. Bakteria wazuri wamepungua, wabaya wamezidi, uchachu wa uke umeshuka. Wa kijani au njano wenye povu, huyo mara nyingi ni mdudu wa trikomona, na yeye anaambukizwa kwa ngono. Lakini msijitibu kwa rangi. Mimi mwenyewe kwa macho tu nakosea, na uchafu wa aina mbili kwa pamoja ni jambo la kawaida sana.

Halafu tuache kujiosha ndani. Naomba sana. Sabuni, limao, maji ya chumvi, shabu, dawa ya kuua wadudu ya chupa. Uke una uchachu wake, unajisafisha wenyewe. Nje osha kwa maji, ndani acha.

Tiba_Asilia_AR

Ndugu zangu, mimi nawahurumia wanawake kwa sababu mama yangu alisumbuka na chango la uzazi miaka mingi. Hospitali wanatibu juu juu. Kuna lulu za mitishamba za kuweka ukeni siku tatu, zinavuta uchafu wote wa kizazi, unautoa kwa macho yako. Wateja wangu hapa Kilombero, Arusha, wamepata watoto. Anayehitaji aje pembeni tuongee.

Muuguzi_Soweto

Kaka, naamini unawahurumia kweli, kwa hiyo nakujibu kwa heshima. Ukiweka kitu ukeni kinakaa ukeni. Mlango wa kizazi ni mwembamba, hakuna lulu inayoupita ikapanda ikafika kwenye mrija. Ule ute na vipande mnavyoviona vikitoka na kuviita uchafu wa kizazi ni ngozi laini ya uke iliyochubuka kwa dawa yenyewe. Nimeshawasafisha wanawake wa aina hiyo, uke umevimba, mwekundu, hawezi kukaa. Na ngozi iliyochubuka inafungua mlango kwa VVU. Tafadhali usiwape dada zetu hizo lulu.

Na siku tatu hizo anazosubiri uchafu utoke ndizo zilezile nilizozitaja juu.

Fundi_Mbuyuni

Mimi nilizitumia, kaka. Sikuandika kwa sababu niliona aibu. Mwaka 2022, elfu thelathini na tano, nililetewa na dada wa saluni. Nilipoona vile vipande nilifurahi nikasema sasa nimepona. Sikukulaumu wewe, hata yule dada simlaumu, alikuwa anatumia na yeye. Lakini naomba usiwape wengine.

Mangi_Gereji

Mimi mwanaume nina swali, na naomba nisishambuliwe. Mke wangu ameambiwa ana PID, kaja na dawa zake na cheti cha mimi kwenda kutibiwa. Mimi siumwi. Nikimeza dawa si ni kukubali kwamba mimi ndiye niliyemletea?

Fundi_Mbuyuni

Mangi, hakuna wa kukushambulia. Swali lako ndilo lililokuwa linakaa kati yangu na mume wangu mezani, na hakuna aliyekuwa analisema.

Baada ya upasuaji nilipewa dozi ya siku kumi na nne, sindano moja na vidonge vya aina mbili. Mume wangu akapewa ya kwake. Akameza siku mbili, akaviacha juu ya kabati. Hakuniambia. Nilivikuta wakati nafuta vumbi, baada ya maumivu kuwa yamerudi. Nilikaa chini palepale na kile kikaratasi mkononi, sikupiga kelele, sikuwa na nguvu za kupiga kelele.

Jioni nilimwambia: sijui nani alimletea nani, na sitaki kujua. Inaweza kuwa mimi kabla sijakujua, inaweza kuwa wewe kabla hujanijua. Muuguzi kanieleza kwamba klamidia inaweza kukaa kimya mwilini muda mrefu bila mtu kujua. Ninachojua ni kwamba nimebaki na mrija mmoja. Akatoka nje, akakaa kibarazani hadi giza likaingia. Kesho yake tulikwenda wote kuanza dozi upya, wote wawili siku moja.

Meza dawa, mangi. Cheti hakikuhukumu.

Muuguzi_Soweto

Niongeze hapo. Mwongozo wetu wa magonjwa ya ngono unataka mwenza atibiwe hata kama hana dalili, na kliniki hazitoi dawa kwa mwenza ili kumuaibisha. Na faida yake si ya mirija peke yake. Hapa hapa Tanzania, mkoani Mwanza, kati ya 1991 na 1994, vijiji vilivyoboreshewa matibabu ya magonjwa ya ngono kwenye zahanati zao vilipata maambukizi mapya ya VVU pungufu kwa karibu asilimia 40 kuliko vijiji vya kulinganishia. Dunia nzima ilijifunza kutoka pale.

Hata ile harufu ya samaki niliyoitaja, ambayo zamani tulikuwa tunamtibu mwanamke peke yake, mwaka 2025 wataalamu wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo yao: wanawake ambao waume zao walitibiwa pamoja nao, ugonjwa uliwarudia 35 katika 100 ndani ya wiki kumi na mbili. Waliotibiwa peke yao, 63. Wanaume, mnaona wenyewe.

Ngosha_Majengo

Naomba niongeze kitu ambacho watu wa mlimani huenda hamkijui. Mke wangu amekulia Misungwi, utotoni alikuwa anashinda kwenye majaruba ya mpunga. Tulipohamia huku alikuwa anatokwa na damu baada ya tendo na uchafu wa pinki. Akatibiwa magonjwa ya ngono mara tatu, na mimi nikatibiwa, nyumba ikaanza kuingia maneno. Mwisho daktari mmoja wa kike alipomuuliza amekulia wapi ndipo akashtuka. Kichocho. Kumbe mayai ya kichocho cha mkojo yanaweza kuganda kwenye mlango wa kizazi. Alimtibu kwa prazikwanteli, kwa uzito wa mwili. Wakuu, tulikaribia kuachana kwa ajili ya minyoo ya kwenye maji.

Muuguzi_Soweto

Ngosha, Mungu akubariki kwa kuandika hili. Ni kweli kabisa. Kwenye mlango wa kizazi unaona mabaka ya njano kama chembe za mchanga, na huwezi kuyaona bila kupima chini kwa taa. Anayefanana na mke wako, amwambie daktari alikulia wapi na alioga maji gani. Daktari wa huku asipoambiwa hatafikiria kichocho.

Neema_Kiboriloni

Samahani, natoka kidogo kwenye mada. Mimi ni katika wale watoto wa Kilimanjaro tuliochanjwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2014, kabla mikoa mingine haijaanza. Nilikuwa na miaka 9. Shangazi yangu hadi leo ananiambia sitazaa. Nikisoma huu uzi naogopa.

Muuguzi_Soweto

Hujatoka kwenye mada hata kidogo. Mlichanjwa nyinyi kwanza kama mkoa wa majaribio ya utoaji, halafu Aprili 2018 ikaenda nchi nzima kwa mabinti wa miaka 14, na tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu kwa wa miaka 9 hadi 14. Chanjo inauzoesha mwili kukitambua kirusi cha papiloma. Aina zake mbili, ya 16 na ya 18, ndizo zinazosababisha kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Haigusi mirija wala mayai. Kinachoziba mirija ni hayo tunayoyazungumza tangu juu, ambayo shangazi hayataji. Msalimie, na umwambie yeye mwenyewe akapime kama yuko kati ya miaka 30 na 50. Mwenye VVU aanze mapema, miaka 25.

Fundi_Mbuyuni

Hicho kipimo nilifanyiwa, acha niwaeleze kilivyo kwa sababu mimi niliogopa neno "kupimwa chini" kuliko ugonjwa wenyewe.

Unavua chini, unafunika kwa kitenge chako. Nenda na kitenge, kinakupa stara. Unalala, miguu unaikunja. Muuguzi ananiambia kila kitu kabla hajakifanya: sasa nakugusa paja, sasa naweka kifaa. Kifaa kina mdomo kama wa bata, alikilowesha maji ya uvuguvugu, hakikuwa baridi. Kuna kubanwa, hakuna kuumia, labda kama una ugonjwa. Akawasha taa. Akachovya pamba kwenye siki iliyochanganywa na maji, akapaka kwenye mlango wa kizazi, tukasubiri dakika moja. Sehemu yenye mabadiliko inageuka nyeupe. Ya kwangu haikugeuka. Wangeona weupe, mara nyingi wanagandisha au kuunguza hapohapo kabla haijawa saratani, na unarudi nyumbani kwa miguu yako.

Hapohapo, akiwa ameshaona ndani, alichukua uchafu kwa kijiti cha pamba, akaweka vidole viwili ndani na mkono mwingine juu ya tumbo, akasogeza mlango wa kizazi taratibu. Akaniuliza panauma? Kwenye PID hapo ndipo panapouma. Kazi yote haikufika dakika kumi. Dakika kumi ambazo hakuna aliyenipa mara zote kumi na moja.

Sakina_Juu

Dada fundi, mimi sikusema ukweli wote kule juu. Fangasi ninayo, lakini pia natokwa na damu kidogo baada ya kukutana na mwenzangu, na hapa chini kunauma tangu wiki iliyopita. Nimekwisha kunywa dawa za UTI za duka. Naogopa daktari akiwa mwanaume. Naogopa pia kuulizwa kama nimeolewa.

Muuguzi_Soweto

Nenda kesho asubuhi, usisubiri Jumatatu. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike akupime, na kama hayupo, uombe muuguzi wa kike awepo chumbani. Ndoa siyo sehemu ya kipimo. Mwambie siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho na wakupime mimba kwanza, hata kama una uhakika huna. Waombe wakupime na VVU na kaswende, vipimo hivyo vinakwenda pamoja. Ukianza homa au kutapika au maumivu yakizidi usiku huu, hiyo ni dharura, panda boda uende.

Mangi_Gereji

Nimemeza. Leo siku ya tatu. Nasema tu.

Fundi_Mbuyuni

Asante, mangi.

Kuna walioniandikia pembeni kuuliza hali yangu. Mwaka jana nilipiga picha ya mirija, ile ya kuingizwa dawa ukiwa chini ya eksirei. Mrija wa kushoto unapitisha, polepole lakini unapitisha. Daktari ameniambia nikichelewa tu hedhi nisikae, ndani ya wiki moja niende kuangaliwa mimba imekaa wapi, kwa sababu aliyewahi kupata mimba nje ya kizazi anaweza kupata tena. Desemba hii tulipopanda Kibosho, mama mkwe alianza lile swali lake, na mume wangu akamwambia mbele ya wote: mama, tulikuwa tunaumwa wote wawili, tunatibiwa. Hakuna aliyeuliza tena.

Sakina_Juu

Nimetoka. Daktari alikuwa mwanaume, na nesi mama mtu mzima alisimama kichwani kwangu akinishika mkono muda wote. Mkojo hauna shida. Waliposogeza mlango wa kizazi nikaruka. Nimechomwa sindano, nimepewa vidonge vya siku kumi na nne na dawa ya fangasi, na mimba hakuna. VVU hakuna. Wameniambia nirudi baada ya siku tatu waone kama napata nafuu. Mwenzangu nimemtumia huu uzi wote asome, hajajibu. Ameonyesha tu ameusoma.

Fundi_Mbuyuni

Mpe muda hadi jioni, halafu mpigie, usiandike. Hiyo siku ya tatu urudi hata ukijisikia mzima. Vidonge weka alamu, asubuhi na usiku, baada ya kula, na vikikuchafua tumbo usiviache, kula kitu kwanza. Na mpaka dozi yenu wote wawili iishe, kila mtu na shuka lake.